Baba, Uliwaamini Watu Mno

Gisenyi, wakati wa mvua

Baba mpendwa,

Mama yuko hapa kwangu tangu juzi. Amekaa ukingoni mwa kitanda, koti lake hajalivua, na hataki kula. Nimemwekea chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nimeona nikuandikie wewe, kwa sababu jambo hili ni lako, na kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumlaumu bila kumwonea. Usinune. Ulikuwa ukituambia kwamba mtu hapewi heshima kwa kukubaliwa kila neno, hupewa kwa kubishiwa. Basi leo nakuheshimu sana.

Watakaoisoma barua hii wengi hawakukujua. Ulikuwa mwalimu wa Kifaransa na falsafa karibu na Nyundo, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vyenye udongo wa Kanama, kwetu mlimani. Ulizaliwa ng'ambo ya mpaka, Masisi huko Kongo, ukasoma umanite, yaani sekondari, kwa mapadri, sehemu ile ya Kilatini na falsafa, ukaingia seminari kubwa na ukatoka kwa miguu yako bila kufukuzwa. Mama alipenda kusema ulitoka kwa ajili yake, na hukumkatalia hata siku moja, maana ulikuwa muungwana. Mimi uliniambia mengine, tukipanda kilima na gunia la viazi kati yetu, kwa Kiswahili chetu cha mpakani ambacho "juu" ni "kwa sababu". "Mado, mi nilitoka juu ya kitu kimoja. Walikuwa wanasema mutu anafanya muzuri juu Mungu iko namuangalia. Mi nikauliza: na kama hamuangalie?"

Kila Jumapili ulimsindikiza Mama hadi kanisani na kumngoja nje ya ukuta, na mwavuli mkononi, hata siku za jua. Watu walikuzoea. Mapadri walikusalimu wakipita, nanyi mlicheka pamoja kwa Kilatini. Niliona fahari kuwa na baba wa namna hiyo, mtu asiyeingia na asiyeondoka.

Kilichokuvuta wewe kilikuwa hadithi moja ndefu, uliyotusimulia vipande vipande tukichambua maharage. Kwamba zamani huko Ulaya watu walichoka kuambiwa kuwa maisha haya ni chumba cha kusubiria tu. Wakafukua vitabu vya kale vya Wagiriki na Warumi, wakavisoma kwa macho yao wenyewe, wakaanza kusema kuwa mtu, huyu huyu mwenye jasho na meno mabovu, anastahili kuchunguzwa na kupendwa hapa hapa duniani. Wachoraji wakaanza kuchora nyuso zenye makunyanzi. Mashine ya kuchapa ikazibeba fikra hizo hadi kwa watoto wa wachuuzi. Na kutoka hapo, ulisema, baada ya miaka mingi na damu nyingi, zikaja sheria ya kumkataza askari kumtesa mfungwa, shule ya mtoto wa maskini, daktari anayemtibu adui. "Hata kadi yako ya mutuelle, ile ya matibabu," ulimwambia Mama, "iko na babu yake kule."

Mimi nilikuchokoza. Nilikuuliza hao watu wako wa heshima ya mwanadamu walikuwa wapi wakati meli zao zinajazwa watu wenye minyororo, na wajukuu wao walipokuja kwetu na rula kutupima pua. Ulimenya kiazi hadi kikakaribia kuisha mkononi. "Bon," ukasema. "Wazo lilikuwa kubwa kuliko wao. Ile si kosa ya wazo. Na sisi tulikuwa na yetu zamani, mbele ya ile vitabu yote. Ubumuntu, ndiyo utu. Kama unataka kuisoma, enda uangalie ingobyi."

Asiye wa milima yetu huenda haijui ingobyi. Ni machela ya kusuka, kama kikapu kirefu, iliyofungwa kwenye mianzi miwili, na wanaume wanne huibeba mabegani. Kila kilima cha kwetu kilikuwa na chama chake. Mgonjwa akizidiwa, au mama akishindwa kujifungua, mtu alipiga yowe kutoka ukingoni, na kila aliyesikia aliliacha jembe ardhini palepale akaja. Wanne walibeba, wengine wakatembea kando, na bega lilibadilishwa bila kusimama, kwa mwendo uleule, mgonjwa asijue hata kwamba amehama. Hakuna aliyeuliza mgonjwa anasali wapi, wala alirudi lini kutoka ukimbizi wa nchi gani. Nilikuona mara nyingi ukivua shati lako la darasani, ukilikunja vizuri juu ya jiwe na kwenda.

Na asiyekuja alitozwa amende, faini ya chama. Ilikuwa jerikeni ya urwagwa, pombe yetu ya ndizi, ambayo wenzake waliinywa mbele yake naye akiangalia, haruhusiwi kuonja. Uliwahi kutozwa, siku uliyojifungia ndani unasahihisha mitihani. Mama alikucheka mpaka ukamwomba basi.

Kisha ukamwona mgane mmoja wa kule juu, aliyekuja kubeba akiwa na homa, anatetemeka chini ya mwanzi, kwa kuogopa amende tu. Ulirudi nyumbani na hasira niliyoiona kwako mara chache. Chama kilipokutana tena, uani kwa Mzee Faustin aliyekuwa mkuu wa chama, ulisimama. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi pamoja na wanawake na naikumbuka sauti yako, haikuwa kubwa.

"Mutu akifanya muzuri juu ya woga, ile hapana uzuri. Ni mbuzi iko nafwata kamba. Sisi si mbuzi. Utu hawaulazimishe mutu. Tuondoe amende, tubebane juu tunapendana."

Watu walipiga makofi. Wengine walifuta macho. Mzee Faustin peke yake ndiye aliyekuna kidevu. "Na kama batu hawakuje, mwalimu?"

"Watakuja."

Ukasema hivyo tu, na amende ikafutwa siku hiyo. Nyumbani Mama alikuwa anapuliza mkaa ulipomsimulia, hakuinua hata kichwa. "We mwalimu, batu ni batu. Ukikata kamba, mbuzi haitageuka mutu. Itakula maharage."

Ulimcheka. Na kwa muda, Baba, nakupa haki yako, ulishinda. Walikuja wengi kuliko zamani. Hata vijana waliokuwa wakijificha walikuja, wanajivuna, wanaitana kwa majina. Uliniambia kwa simu, mimi nikiwa nimeshahamia huku mjini, kwamba kilima kimekuwa shule. Na volkeno ilipowaka ng'ambo na watu wa Goma wakamiminika huku na magodoro vichwani, ulishuka kutoka Kanama ukasimama nami barabarani. Tuliona milango ikifunguliwa. Jirani yangu mmoja, mtu mchoyo hata wa salamu, aliingiza familia nzima chumbani mwake. Ulinishika mkono ukaniambia, "Umeona? Nani aliwatoza amende?" Sikukuambia kwamba baada ya siku chache wenye nyumba walianza kupima sukari kwa macho, kwa sababu ulikuwa na furaha na sikutaka kukuharibia.

Halafu barabara ya kwetu ikatengenezwa. Pikipiki zikapanda hadi karibu na shule, ambulansi ikawa inafika chini kwenye lami, na vijana wakashuka huku kutafuta kazi za boti na za mpakani. Yowe likipigwa, watu wakasema: si apigiwe simu mwenye moto? Walikuwa na haki, moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, ni haraka. Ingobyi ikatundikwa jikoni kwa Mzee Faustin, juu ya moshi, wadudu wasiile. Msimu mmoja maharage yalipanda sana, mke wake akakosa miti ya kuyasimamisha, akachukua ile mianzi miwili. Hakuna aliyemlaumu. Wewe mwenyewe ulicheka ukasema mianzi imepata kazi. Ulipenda kutuambia kwamba wema hauozi, na kweli, wema wa watu wale haukuoza, kilichooza ni kikapu cha ingobyi kilichobaki bila mianzi.

Siku yako ilianza asubuhi, baada ya mvua kung'oa ukingo na kufukia njia ya pikipiki. Mama alinipigia simu kwamba tumbo lako limekuwa gumu kama ubao, unatapika na huwezi kusimama. Nilipanda gari hadi kwenye lami, nikaikuta ambulansi imesimama pale chini na dereva wake anatazama juu mlimani. Nikapanda kwa miguu, nimeshika viatu mkononi.

Sitaki mtu aseme hawakuja. Walikuja wote. Ua ulijaa, wanaume kwa wanawake, wanaosali katika kila dhehebu, wanafunzi wako wa zamani wenye ndevu sasa. Wengine walikuwa wanalia. Waling'oa mlango wa chumba chenu wakakulaza juu yake, wakakufunga na vitenge vya Mama. Walipoinua, waliokuwa mbele walikuwa warefu na wa nyuma wafupi, ukateleza ukaumia. Wakakushusha. Wakabishana nani akae wapi. Wakainua tena. Mzee Faustin alitembea kando, bega lake limeshakufa siku nyingi, akipiga kelele: "Hapana pale! Mubadilishe na kutembea, musisimame!" Lakini hawakujua kubadilisha na huku wanatembea. Ni jambo la kujifunzia barabarani, chini ya mzigo, mara nyingi, na hakuna aliyekuwa amelifanya kwa miaka mingi. Kila walipochoka walikuweka chini kwenye matope, wakahema, wakakuomba radhi. Kijana mmoja alikuwa anakuomba radhi kila hatua, nikatamani anyamaze. Mlima ambao zamani mliushuka kwa mwendo wa wimbo mmoja ulikula asubuhi yote na sehemu ya mchana.

Nilitembea karibu na kichwa chako. Nilikuwa nawatukana ndani ya moyo, nadhani uliona usoni. Ukasema, "Usiwakasirikie, Mado. Batu iko najikaza." Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Ulikata roho ndani ya ambulansi, kabla hatujaufikia mji. Daktari alikuwa mtu mpole, hakutaka kunisema, akaniambia tu kwamba tumbo la namna ile linahitaji kufika mapema.

Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia, Baba, na chuki ingenisaidia. Ningekuwa na mahali pa kuweka mgongo. Lakini walikupenda. Walibeba mlango ule hadi ngozi za mabega zikachubuka, nimeziona. Kama wangekuwa wabaya, falsafa yako ingebaki salama: ungesema hawa bado hawajafunzwa, tuwasubiri. Walikuwa wema, wema kweli, kama ulivyosema mtu alivyo, na wema wao haukuweza kukufikisha barabarani. Kilichokuwa kikiwafikisha watu barabarani ni ile kamba uliyoikata wewe. Ilikuwa woga wa kuchekwa na jerikeni ya pombe. Uliuona utu ndani ya ingobyi ukadhani umetoka moyoni, kumbe ulikuwa umetoka kwenye sheria ndogo ya wazee ambao hawakumwamini mtu hata kidogo, na kwa kutomwamini kwao walimbeba kila mgonjwa.

Sasa mimi ndiye mwalimu. Huko Rugerero nafundisha somo lile lile lako, kwa jina jipya. Wanafunzi wanaandika kwamba mwanadamu ana heshima ya asili, kwamba akili na huruma vyatosha kumwongoza, kwamba fikra hiyo ndiyo iliyozaa haki na elimu ya leo. Naweka alama ya vizuri pembeni. Msichana mmoja aliniuliza kama mimi mwenyewe naamini. Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Mwezi uliopita Mama alianguka uani na goti likamvimba. Presha yake unaijua. Anakataa kuhama kwa sababu kaburi lako liko pale, na kwa sababu ya kuku. Basi nikapanda, nikawaomba watu wakutane. Walikuja, uani kwa Mzee Faustin palepale. Nikawaambia turudishe chama, na amende irudi. Nilisema bila kuzunguka, kwamba sitaki mama yangu ashuke juu ya mlango.

Mzee Faustin akasimama kwa shida.

"Mado, we ni mutoto ya mwalimu. Papa yako alitufundisha hapa hapa kwamba utu haulazimishwe. Tukirudisha amende leo, ni kama tunamuzika mara ya pili. Hapana. Mama tutamubeba. Bila kamba. Juu tunamupenda."

Watu wakaitikia. Mwanamke mmoja alinikumbatia. Nikauliza ni nani atakuja Jumamosi kukata mianzi, tusuke mpya, na wazee wafundishe vijana kubadilisha bega. Mikono yote ilipanda, Baba. Hata ya wazee.

Jumamosi nilikaa na Mama uani tangu asubuhi. Alikuja Mzee Faustin peke yake na panga lake, akakaa, akatazama chini, akasema ni wakati wa viazi, mvua ikikuta viazi shambani vinaoza. Ilikuwa kweli. Kutoka pale tulipokaa niliwaona wenzake mteremko mzima, wameinama kwenye matuta. Baadhi waliniona. Wakainua mikono, wakanipungia kwa furaha, jinsi mtu anavyompungia mtoto wa nyumbani. Tulikunywa chai na mzee. Alipoondoka alimwambia Mama asihofu.

Kwa hiyo juzi, njia ikiwa kavu, nilimshusha Mama kwa moto, katikati yangu na dereva, nimemfunga kiunoni kwa kitenge. Kuku amemwachia jirani. Hakulia. Alipita karibu na kaburi lako na hakugeuza shingo, nami sikuthubutu kumwomba dereva asimame. Tangu tufike ameniambia sentensi moja tu: "Papa yako alikuwa mutu muzuri sana." Sijui alikuwa anakusifu au anakushtaki, na sikumuuliza.

Nakupenda, Baba. Nilitaka nikwambie hivyo kwanza nikasahau. Nakupenda na sikuamini tena, na kati ya mambo hayo mawili sioni pa kukaa. Wanaoingia kanisani wana mahali. Hata Mama ana rozari yake. Mimi ulinilea nje ya ukuta, pamoja nawe, ukaniambia tunawangoja watu na watakuja, kisha ukatangulia ukaniacha nimeshika mwavuli.

Upande wa pili wa korido hapa kwangu anakaa mwanamume na mke wake. Walihamia kabla ya Krismasi na sijui majina yao. Wanaonekana watu wema, wanafagia hadi mlangoni kwangu bila kuombwa. Leo asubuhi nilitaka kwenda kubisha hodi, niwaambie nina mgonjwa ndani, wanijue kabla ya siku yenyewe. Nilifika mlangoni nikainua mkono. Kisha nikarudi. Wangeniambia niwaite tu, saa yoyote, watakuja mara moja. Na wangekuwa wanasema kweli.

Lala, Baba. Huko hakuna wa kubebwa.

Ni mimi, binti yako unayemjua kwa ubishi